Siku Tulizochelewa

Bi Anjela tumemzika Alhamisi iliyopita pale Korogwe, na mimi nilisimama mbele kabisa na mtandio wangu, katikati ya wanakwaya, Mwislamu peke yangu kwenye ule mstari. Binti yake mkubwa alinipigia Jumanne asubuhi. Akasema, "Dada, mama ametutoka," na kabla sijajibu akaongeza, "Aliacha neno kwamba usipofika tusimzike." Nikajua ni kweli, maana ndivyo alivyokuwa anaongea. Basi nikatoka Handeni na mume wangu kwa basi la kwanza. Baada ya maziko, watu walipokuwa wanakula, nikaomba niingie kile chumba cha nyuma nilichowahi kupanga. Siku hizi wanaweka mahindi humo. Ukuta wameupaka rangi ya kijani, lakini dirisha ni lile lile dogo linalotazama jiko, na ukikaa chini karibu nalo unasikia kila kinachosemwa kule nje, kama zamani. Nikakaa juu ya gunia nikasikiliza wanawake wanaosha sufuria. Nina miaka arobaini na sita. Miaka mingine nikiulizwa nilifanya nini siwezi kukumbuka hata mwezi mmoja, lakini ule mwaka nilioishi chumba kile naukumbuka siku kwa siku, na si kwa hiari yangu. Nilitakiwa nieleze kila siku mbele ya jaji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na Mwajuma, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado ananyonya. Mume wangu Rajabu alikuwa amefungwa miaka mitano kwa wizi wa ng'ombe. Kesi yenyewe naieleza kwa kifupi, kwa sababu wengi waliisikia nusu. Kwetu Sindeni, mnyama wa mtu akiingia shambani kwako akala mahindi, unamkamata, unamfunga, unampa maji, unangoja mwenyewe aje. Akija mnaangalia pamoja kilicholiwa, mnaelewana, anaondoka na mnyama wake. Ndivyo Rajabu alivyomfanyia mtamba wa Mzee Kibwana, jirani yetu. Ila hakumfunga uani. Alimfunga kule bondeni kwenye kichaka, kwa sababu kulikuwa na kivuli na majani, halafu akaondoka kwenda gulioni bila kumtuma mtu kwa Mzee Kibwana. Mzee akahangaika siku mbili, akamkuta mtamba wake kichakani, akaona amefichwa, akaenda polisi. Mahakamani Rajabu akaulizwa, "Wewe ndiye uliyemfunga ng'ombe huyu pale kichakani?" Akajibu kwa sauti kubwa, "Ndiyo, mheshimiwa, ni mimi," kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Basi.

Kwa kuwa alipelekwa gereza la Korogwe, na mimi nikahamia Korogwe na mtoto mgongoni, nikawa nauliza nyumba kwa nyumba kama kuna chumba. Bi Anjela ndiye wa sita kumwuliza. Alikuwa mjane, mtu mzima mnene, sauti yake inafika barabarani. Babu yake aliletwa kukata mkonge kutoka mbali huko, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwao ni shamba la mkonge namba fulani, hana kwingine. Alikuwa anakaanga vitumbua mlangoni kwake asubuhi. Akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Mume yuko ndani?" Nikaona haya, nikasema ndiyo. "Kaiba?" Nikasema hapana. Akacheka. "Wote hawakuiba, mwanangu. Humo ndani wamejaa ambao hawakuiba. Haya, ingia, mtoto anaungua jua." Hivyo ndivyo nilivyopata chumba. Kazi yangu ikawa kuloweka mchele jioni na kuutwanga alfajiri baada ya kuswali, yeye anakaanga, mimi nachemsha chai ya rangi yenye tangawizi. Ramadhani ilipoingia alikuwa ananiwekea uji wangu pembeni na kuufunika na kitambaa cheupe, na mteja yeyote akiugusa anatukanwa. Yeye akifunga Kwaresima yake, mimi nilikuwa namzuia kuonja maharage. Tulichungana hivyo.

Siku ya kuona wafungwa ilikuwa Jumapili. Unaandikwa jina getini, unangoja, halafu mnaongea dakika chache askari akiwa amesimama hapo hapo. Jumapili ya kwanza kabisa Rajabu alikuwa mchangamfu. Akaniambia askari alimwuliza kama anataka kukata rufaa, wamwandikie notisi. "Nimemwambia afande sina haja. Baba analimaliza nyumbani." Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpongeza. Nikasema, "Umefanya vizuri, usije ukamkatisha baba."

Baba mkwe wangu, Mzee Salimu, ndiye mtu ambaye Sindeni nzima ilikuwa inamwendea kupatanishwa. Mume na mke wakigombana, ndugu wakigombea shamba, watu wanakwenda kukaa barazani kwake, na wakitoka wametulia. Kwa hiyo lilipomfika la mwanawe alifanya analolijua. Alimwendea Mzee Kibwana. Mzee Kibwana mwanzo alikataa kumwona, mara ya pili akamwona bila kumkaribisha kukaa, mara ya tatu akamkaribisha. Mimi nilikuwa nakwenda Sindeni na kurudi Korogwe, nikawa naona hatua zote hizo kutokea jikoni kwa mama mkwe, Bi Zaina. Mvua za masika zikaanza, watu wakaingia mashambani, ikabidi wazee wangoje palizi ya kwanza iishe ndipo wapate siku ya kukaa. Pasaka ikapita. Ndipo ikafanyika suluhu kubwa. Alichinjwa beberu, tukapika pilau, na kisamvu na bada la muhogo kwa wazee wasiopenda wali, na baada ya dua Mzee Kibwana akasimama akasema amesamehe, na kwamba ameona alikosea kwenda polisi kabla ya kuuliza. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Wanawake tukapiga vigelegele huko jikoni mpaka mtoto akaamka. Mimi nilifungasha nguo za Rajabu siku ile. Shati lake la sikukuu nililipiga pasi.

Baba mkwe akaipeleka karatasi ile mahakamani mwenyewe, amevaa koti. Aliporudi akapitiliza ndani. Bi Zaina akamfuata, na sisi wengine tukasikia kutokea uani.

"Karani anasema Kibwana kusamehe hakuna maana," akasema baba mkwe. "Anasema kesi haikuwa ya Kibwana. Ni ya Jamhuri."

"Jamhuri ndiye nani?"

"Serikali."

Bi Zaina akasema, "Sasa si tumwendee? Naye anakula pilau?"

Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelishika lile shati.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Shekiondo. Mimi sikumaliza shule, niliishia darasa la nne, na Bi Anjela ndiye aliyenisukuma kwenda masomo ya jioni, kwa sababu alichoka kunisomea barua za Rajabu. "Mumeo anaandika maneno ya mumeo," alisema. "Mimi mtu mzima nayasoma natoka jasho." Darasa lilikuwa kwenye shule ya msingi, saa kumi na moja jioni, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba wa Lutindi kule milimani, mstaafu, akiingia lazima aseme "Onga mshi" hata kwa sisi tusiojua Kishambaa, na hafundishi mpaka tumwitikie. Jioni moja alitupa kazi ya kuandika barua ya kuomba jambo. Wenzangu wakaandika kuomba kazi, kuomba likizo. Mimi nikaandika kwa Jamhuri, nikaomba anirudishie mume wangu kwa kuwa mwenye ng'ombe amesamehe. Mwalimu akaisoma mara mbili pale dirishani, akaniambia nibaki.

Hakunicheka. Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza hesabu. Mtu akifungwa ana siku kumi za kusema kwamba atakata rufaa, na siku arobaini na tano za kuileta hiyo rufaa Mahakama Kuu. Zikipita, mlango umefungwa. Kufunguliwa unaweza kufunguliwa, lakini kwanza unaomba kuongezewa muda, na ukiomba, jaji hatakuuliza kama mume wako aliiba ama hakuiba. "Huko hamjafika," alisema. "Atakuuliza mlikuwa wapi. Na atataka umweleze kila siku mliyochelewa. Kila siku, mama. Siyo mwezi, siyo wiki." Nikamwuliza siku zenyewe ni ngapi. Akahesabu kwenye ubao kwa chaki. Zilikuwa mia moja na kumi na nne. Nikaziangalia zile tarakimu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kuzisoma vizuri.

Kesho yake nikaenda kwa mwandishi. Zamani zile karibu na mahakama kulikuwa na watu wenye mashine za kupiga chapa, wanakuandikia barua na maombi. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, kofia kichwani. Nilipomaliza kumweleza akainua mikono kuniziba mdomo. "Mama, mama, nisikilize. Hiyo habari ya pilau usiirudie popote. Jaji akisikia mlikuwa mnakula beberu siku zote hizo atawafukuza. Hapa tunasema mfungwa aliumwa. Amelazwa zahanati ya gereza, kifua. Na wewe ulikuwa unauguza mtoto. Cheti kinapatikana, namjua mtu." Akaingiza karatasi kwenye mashine. "Jina kamili?"

Nikamwuliza, "Hiyo karatasi ni kiapo?"

"Kiapo, ndiyo. Kila anayejaza anaapa."

"Naapa kwa nani?"

Akanitazama kama nimemtania. "Kwa Mungu, kwani kwa nani mwingine?"

Nikainuka. Akanifuata mpaka barabarani. "Mama, mumeo ataozea huko kwa sababu ya uchamungu wako! Jaji hawezi kuona moyoni!" Nikaendelea kutembea. Sikuwa jasiri, msije mkadhani. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama Mwenyezi Mungu angeniona mbaya kwa kumtoa mtu asiyeiba kwa uongo mdogo. Mpaka leo sijui kumjibu vizuri anayeniuliza hilo. Ninachojua ni kwamba tulikuwa hatujadanganya hata mahali pamoja, tangu mwanzo. Rajabu alifungwa kwa kusema kweli mbele ya hakimu. Nikaona kama nikimtoa kwa uongo, basi tutakuwa tumekubali kwamba ule ukweli wake ndio uliokuwa kosa.

Bi Anjela nilipomwambia alitukana kwanza, halafu akafuta meza. "Haya, lete hizo siku zako tuzione." Ilikuwa Jumapili mchana, ametoka kanisani bado ana viatu vyake vya kubana. Mwalimu Shekiondo alikuja na daftari jipya la kurasa nyingi. Sasa mtu anakumbukaje siku mia na kumi na nne? Mimi sikuwa na kalenda. Nilikuwa na mwezi unavyoandama, na siku za gulio, na kadi ya kliniki ya Mwajuma yenye tarehe alizopimwa uzito. Bi Anjela alikuwa na kalenda ya kanisa ukutani, ina Jumapili zote za Kwaresima na jina la kila moja, na pembeni ameandika kwa penseli nani amekufa na nani amejifungua. Tukaanzia Idd ya kuchinja, kwa kuwa ndiyo iliyoangukia karibu na mwisho wa zile arobaini na tano.

"Siku ya tatu ya Idd ulikuwa hapa," akasema Bi Anjela. "Uliniletea nyama."

"Hapana, niliileta siku ya nne. Siku ya tatu nililala Sindeni, baba mkwe alikwenda kwa Mzee Kibwana mara ya pili."

"Usinibishie, mwanangu, ilikuwa Ijumaa, na mimi Ijumaa ya Kwaresima sili nyama. Niliiweka mpaka Jumapili. Ikaharibika."

"Hukuniambia iliharibika!"

"Ningekuambiaje? Uliibeba toka Sindeni."

Mwalimu akaandika: Ijumaa, nilirudi Korogwe. Tukaendelea hivyo mpaka adhuhuri ikakaribia kunipita nikakimbilia kuswali, nikarudi, na makande yakawa yanachemka tunakula mkono mmoja huku mwingine unafunua kalenda. Siku tisa barabara ya Handeni haikupitika kwa tope, na tulizijua kwa sababu basi lilinasa na fundi wake alikuwa anakuja kula vitumbua. Siku sita Mzee Kibwana alikuwa Mashewa kwenye msiba wa dada yake. Wiki mbili na zaidi za palizi. Siku ya suluhu. Siku ya karani. Nilizoea kuuona ule muda kama kitu kimoja kirefu cha kungoja, lakini tulivyokuwa tunazitoa moja moja niliona kila siku ilikuwa na mtu anayekwenda mahali kwa ajili ya Rajabu. Walikuwa wanakwenda mahali pasipo penyewe, hilo ni kweli. Lakini hakuna aliyelala. Mwisho zikabaki siku nne, katikati ya masika, ambazo hatukuzipatia kitu chochote. Wala kwenye kadi, wala kwenye kalenda, wala kichwani. Bi Anjela akasema, "Weka mafua. Masika nani hana mafua?" Mwalimu akanitazama. Nikamwambia aandike kwamba hizo nne sizikumbuki.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko daftari. Kiapo changu kilikuwa kinasema aliyetuambia tungoje ni baba mkwe, na mwalimu alisema bila kiapo cha mzee mwenyewe, maneno yangu yatakuwa ya kusikia tu. Kwetu mke wa mtoto hamkabili baba mkwe. Akipita unainama, na ukiwa na jambo unamwambia mama mkwe, hata kama yeye baba amekaa hapo hapo anasikia. Basi nilikaa kwenye mkeka na Bi Zaina, yeye Mzee Salimu yuko kwenye kiti chake ametupa mgongo, nikasema yote nikimwangalia Bi Zaina. Nilipomaliza, kiti hakikusogea.

"Mwambie mama Mwajuma," akasema bila kugeuka, "anataka niende mbele ya jaji niseme mimi ndiye niliyemfunga mwanangu."

Bi Zaina akanitazama. Nikamwambia, "Mwambie baba sitaki aseme hivyo. Nataka aseme alifanya nini."

"Mwambie kuna tofauti gani?"

Bi Zaina ndiye aliyejibu, na hakuwa anampelekea maneno mtu. "Tofauti ni miaka minne na miezi saba, Salimu. Mimi nimeihesabu." Mzee akaondoka kwenda shambani. Nilirudi Korogwe bila kujua kama atakuja.

Na Rajabu naye. Jumapili iliyofuata nilimweleza haraka haraka pale gerezani, askari akisikiliza. Yeye ndiye mwombaji, kiapo kikubwa ni chake, kinaandikwa huko huko gerezani. Wafungwa wenzake walikuwa wameshamfundisha: sema uliumwa, wote wanasema hivyo. Nilipomwambia sisi wa nje tumeandika kweli, na kwamba nimekataa cheti, sura yake ikabadilika. Hajawahi kunitazama vile, kabla wala baada.

"Ungeniuliza," akasema. "Mama Mwajuma, ungeniuliza kwanza. Miaka ni yangu. Wewe unalala kwenye godoro."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa umeshaapa! Mimi nikisema niliumwa, na wewe umesema vile, si tunaumbuka wote?"

Nikasema, "Ndiyo." Askari akasema muda umekwisha. Rajabu akageuka akaondoka bila kumuaga mtoto. Nilikaa majuma yote yaliyofuata sijui ameandika nini. Jumapili mbili hakutoka kuniona. Nilikuwa naandikisha jina, nangoja, naambiwa amekataa. Bi Anjela alikuwa anatoka kanisani anapita getini ananikuta nimekaa kwenye jiwe, ananishika mkono tunarudi nyumbani, na yule mama ambaye hakunyamaza hata usingizini, njia ile hakusema neno.

Jaji alikuja Korogwe mwezi wa nane, kwenye vikao vyake. Chumba cha mahakama kilikuwa na benchi za mbao na feni isiyozunguka. Baba mkwe alikuja, na kumbe kiapo chake alikuwa ameshakiandika mwenyewe kule Handeni na kukileta. Nilimwona amekaa mwisho wa benchi na lile koti lake, na hakuna Bi Zaina wa kupitishia maneno, alikuwa anaumwa mguu. Rajabu akaletwa na sare yake, amekonda, hakutuangalia. Jaji alikuwa mwanamke, miwani imeshuka puani. Wakili wa serikali akasimama, akasema mambo mawili: kutojua sheria si sababu, na kwamba hawa watu wenyewe wamekiri kuna siku nne hawawezi kuzieleza, na sheria inataka kila siku. Aliyasema bila ukali. Nikaona ana haki, hilo ndilo lililoniumiza.

Jaji akafungua jalada. Akasema, "Naanza na kiapo cha mwombaji," nikafumba macho, nikawa nasoma dua moyoni. Akasoma: "Wiki ya kwanza niliulizwa na askari kama nataka kukata rufaa. Nilijibu sina haja, kwa kuwa baba yangu analimaliza nyumbani. Sikuwa mgonjwa." Hayo maneno mawili ya mwisho hakuna aliyemwuliza. Nilifungua macho. Rajabu alikuwa anatazama sakafu.

Jaji akamwita baba mkwe asimame. "Mzee, nani alikwambia mkipatana na mwenye ng'ombe kesi inakwisha?"

"Hakuna, mheshimiwa. Nilijiambia mwenyewe."

"Hukuuliza?"

"Mimi ndiye ninayeulizwa, mheshimiwa." Watu nyuma wakacheka, naye akangoja wanyamaze. "Nimepatanisha watu miaka mingi. Sikujua kuna jambo la nyumbani kwangu nisiloliweza. Kijana hana kosa la kuchelewa. Nilimchelewesha mimi."

Halafu nikaitwa mimi. "Hizi siku nne. Kwa nini hukutafuta cha kuandika?"

"Nilitafuta, mheshimiwa. Sizikumbuki. Nilikuwa na mtoto na mvua ilikuwa inanyesha."

Jaji akatoka kwenda chumbani kwake, akarudi baada ya muda ambao siwezi kuukadiria. Akasema leo haulizi kama Rajabu aliiba, ila kama apewe nafasi ya kuja kuulizwa. Akasema wakili amesema kweli kuhusu sheria. Lakini akasema watu hawa hawakuzembea, walikuwa wanagonga mlango mwingine, na viapo vitatu vimeandikwa sehemu tatu na vinakubaliana. "Na kuhusu siku nne," akasema, "mtu anayetunga haachi shimo." Akatoa siku thelathini za kuleta rufaa. Rajabu akarudishwa kwenye gari la magereza, bado mfungwa, na mimi nilikuwa nalia kama aliyeachiwa.

Rufaa ilisikilizwa kabla mwaka haujaisha, na huko sasa ndiko alikoulizwa habari ya mtamba, na kwa nini kichakani. Jaji aliona hukumu ya kwanza haikuwa na nguvu, akafuta kifungo. Rajabu alitoka siku ya kazi, sisi tuko kwenye vitumbua, na Bi Anjela alimwona kabla yangu. Alimpokea yeye, alimkumbatia yeye, akamwambia amekonda kama mwiko, akamketisha kwenye kile chumba cha nyuma, akatufungia mlango yeye mwenyewe.

Tulikaa tukitazamana. Mtoto alimwogopa, akajificha nyuma yangu. Niliweka ugali na mchicha mezani, hakugusa. Akasema, "Usiku ule kabla ya kuandika kile kiapo sikulala. Nilikuchukia. Nataka ujue."

Nikasema najua.

"Sasa niambie kweli. Kama yule mama jaji angekataa? Kama angesema siku nne ni siku nne, rudi ndani ukamalize miaka yako, ungefanyaje na ukweli wako?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu sikutaka kumpa jibu la kumpendeza. "Ningekuja Jumapili," nikamwambia. "Ungekataa kutoka, ningekuja Jumapili nyingine. Mpaka iishe."

Akavuta sahani ya ugali karibu. Halafu akanyoosha mikono, nikammiminia maji, akanawa, tukaanza kula.